Flashi ya Kikundi: Ipime Kabla ya Kuiamini



Vikundi vingi vya huku kwetu, kuanzia Molo na Njoro mpaka Bahati na Subukia, siku hizi huweka hesabu za hisa na mikopo kwenye kompyuta, halafu karani hubeba nakala kwa flashi. Ni jambo zuri. Lakini je, flashi iliyoandikwa 64 kweli ina gigabaiti 64?

Mimi niliwahi kununua moja kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Ilifanya kazi bila neno, mpaka tulipoongeza video za harambee. Siku ya kugawana pesa, majina ya mafaili yote yalionekana, lakini ukifungua, hakuna kitu. Tulikaa mpaka usiku tukijumlisha upya kutoka vitabu vidogo vya wanachama, na wawili walikuwa wamepoteza vyao.

Hebu tuone inakuwaje. Ukichomeka flashi, kompyuta huzungumza nayo kupitia programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Draiva hutuma amri: wewe ni nani, na una nafasi kiasi gani? Flashi hujibu kwa nambari iliyoandikwa ndani yake kiwandani. Kompyuta haiingii ndani kuhesabu, inaamini tu. Ni kama gorogoro iliyobonyezwa chini: kwa nje ni ileile, mahindi ndiyo yanapungua. Mtu akibadilisha ile nambari, flashi ya 8 itajibu 64 bila haya.

Zile 8 za kwanza zitaingia sawasawa. Baada ya hapo, nyingine hutupa unachoandika, na nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya mambo ya zamani. Majina ya mafaili huendelea kuonekana kwa sababu orodha yake ni ndogo, na kwa kawaida hukaa mwanzoni, mahali palipo na nafasi ya kweli.

Kwa hivyo dawa ni moja: kuijaza yote, kisha kuisoma yote. Tumia flashi tupu. Kwenye kompyuta ya Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotoka kwa gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Chagua herufi ya flashi, uwe mwangalifu usikosee, kisha bonyeza "Write + Verify". Ikimaliza na kusema "Test finished without errors", flashi ni nzima. Futa yale mafaili ya kupimia. Wenye Linux watumie amri f3write, halafu f3read. Flashi ya 64 inayoandika megabaiti 8 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa mbili kujazwa tu, bado kusomwa. Basi anza asubuhi, na kwenye laptopu yenye chaji, maana stima zetu mnazijua.

Msishtuke Windows ikionyesha 59 badala ya 64. Hapo hamjaibiwa, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1024.

Jambo lingine. Flashi nzima inaweza kukataliwa na kompyuta kuukuu, ile ya Windows XP iliyotolewa msaada. Ikikuomba kufomati, usikubali kama ndani mna hesabu! Huenda haijui tu mpango wa exFAT ambao flashi kubwa hutumia. Jaribu kompyuta nyingine kwanza. Ndiyo maana mimi hushauri kununua ya 16 au 32, na kuifomati kwa FAT32 ingali tupu. Faili moja humo haiwezi kufika gigabaiti 4, lakini hesabu za kikundi hazitafika huko hata mkikopeshana miaka hamsini.

Na risiti mdai dukani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Pimeni wiki hiyohiyo, na ikishindwa, mweka hazina airudishe pamoja na risiti.