Kutunza kompyuta ya nyumbani kwa programu huria: usalama na kasi bila gharama

Malengo ya sehemu hii

Ukimaliza kusoma sehemu hii utaweza:

(a) kutofautisha programu huria, programu ya bure, programu ya majaribio na nakala haramu;
(b) kueleza njia kuu ambazo programu haribifu hupitia kuingia kwenye kompyuta;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kulinda kompyuta ya nyumbani;
(d) kueleza sababu za kompyuta kuwa nzito na namna ya kuirekebisha.

1. Utangulizi

Nyumba nyingi zenye kompyuta zina moja tu, na hiyo moja hutumiwa na kila mtu. Mama anaweka humo hesabu za duka, kaka anatazama filamu, na wewe mtahiniwa umeweka humo notisi na mitihani ya miaka iliyopita. Siku moja kompyuta inachukua dakika kumi kuwaka, au folda zote za flashi zinageuka kuwa njia za mkato. Ushauri wa kwanza unaousikia mtaani ni "tupige Windows upya." Tatizo ni kwamba kupiga Windows bila kuhifadhi nakala kunaweza kufuta diski nzima, na notisi zako zikaondoka pamoja na kirusi.

Hasara ya namna hii mara nyingi inazuilika, na vifaa vya kuizuia havilipiwi. Shika jambo moja tangu mwanzo: mlinzi wa kwanza wa kompyuta ni mtu anayeamua kipi kiingie ndani yake. Programu ya kupambana na virusi ni mlinzi wa pili.

2. Maana ya maneno muhimu

*Programu huria* ni programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtumiaji kufanya mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kuisambaza kwa wengine. Msingi wa fikra hii uliwekwa na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mifano ni LibreOffice, Firefox, VLC, 7-Zip na mfumo endeshi wa Linux.

*Programu ya bure* hailipiwi, lakini msimbo wake umefungwa na mtumiaji haruhusiwi kuubadili. Mfano ni Microsoft Defender, inayokuja ndani ya Windows 10 na Windows 11.

*Programu ya majaribio* hutolewa bure kwa muda maalumu, kisha mtumiaji hutakiwa kulipa. Mfano ni WinRAR, yenye muda wa majaribio wa siku 40.

*Nakala haramu* ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la leseni, ambayo vijana huiita kraki. Kuitumia ni kosa la hakimiliki, na kama utakavyoona, ni mlango mpana wa virusi.

Zingatia: kila programu huria iliyotajwa hapa hupatikana bila malipo, lakini si kila programu ya bure ni huria. Kinachozitofautisha ni leseni na msimbo, wala si bei. Uhuru wa kurekebisha msimbo ndio uliowezesha mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mwaka 2004 programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice.

3. Milango inayoingiza programu haribifu

*(i) Kraki.* Aliyeivunja programu hajulikani, na hakuna anayejua ameongeza nini ndani. Maelekezo yake mara nyingi humtaka mtumiaji azime kwanza programu ya kupambana na virusi. Hapo mwenye nyumba amemwondoa mlinzi na kumfungulia mgeni mlango kwa mkono wake mwenyewe.

*(ii) Flashi.* Flashi inayotoka shuleni kwenda steshenari na kurudi nyumbani hukutana na kompyuta nyingi kwa siku moja. Ikiambukizwa kwenye moja, inabeba kirusi hadi nyingine.

*(iii) Viambatisho na vitu vya kupakua.* Faili linaloitwa *mtihani.pdf.exe* si karatasi ya mtihani. Ni programu, kwa sababu kinachoamua ni herufi za mwisho. Windows kwa kawaida huzificha herufi hizo, kwa hiyo mtumiaji huona *mtihani.pdf* tu. Ingia kwenye mipangilio ya folda uruhusu herufi hizo zionekane.

*(iv) Mfumo usiosasishwa.* Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilianza kusambaa duniani. Ilifunga mafaili ya watu kwa msimbo wa siri na kudai dola 300 kwa Bitcoin ili iyafungue. Iliathiri zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza. Ilipita yenyewe kwenye mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine, bila kusubiri mtu abofye chochote. Lakini Microsoft ilikuwa imeshatoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu Machi 2017, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho hilo hazikuingiliwa kupitia tundu hilo.

4. Hatua tano za ulinzi

*Hatua ya 1: Hifadhi nakala.* Hatua hii hutangulia zote, kwa sababu ikishindikana mengine yote, mafaili yako yatabaki. Kanuni inayotumika ni ya 3-2-1: nakala 3 za faili muhimu, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa mwanafunzi, nakala ya kwanza ni ile ya kwenye kompyuta, ya pili iko kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kazi, na ya tatu iko kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Chombo cha nakala kisibaki kimechomekwa muda wote, maana programu haribifu inayofunga mafaili hufunga na yaliyo humo.

*Hatua ya 2: Sasisha.* Ruhusu mfumo endeshi na kivinjari vijisasishe. Ukiogopa kumaliza bando, panga siku moja ya juma kwa kazi hiyo. Usizime masasisho moja kwa moja. Fahamu pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

*Hatua ya 3: Tumia programu moja ya kupambana na virusi inayolinda muda wote.* Kwa Windows, Microsoft Defender inatosha nyumba ya kawaida. Ukitaka programu huria, ipo ClamWin, lakini haikagui faili wakati linapofunguliwa; hukagua pale tu unapoiamuru au kwa saa uliyoipangia. Hivyo inafaa kuwa msaidizi, si mlinzi wa zamu. Usisakinishe programu mbili zinazolinda muda wote kwa pamoja, kwani hugombana na kuifanya kompyuta iwe nzito.

*Hatua ya 4: Tenga akaunti.* Akaunti ya msimamizi itumike kusakinisha programu tu. Kila mwanafamilia apewe akaunti ya kawaida yenye neno lake la siri. Programu haribifu ikiingia kupitia akaunti ya kawaida, nguvu zake za kubadili mfumo hupungua. Maneno ya siri yakiwa mengi, yatunze kwenye KeePassXC, programu huria inayoyafungia ndani ya faili moja. Faili hilo hufunguliwa kwa neno kuu moja refu.

*Hatua ya 5: Badilisha kraki kwa programu huria.* Kuandika na kufanya hesabu kwenye majedwali, tumia LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya docx na xlsx. Kutazama video, tumia VLC. Kufungua mafaili yaliyobanwa, tumia 7-Zip. Kuingia mtandaoni, tumia Firefox. Pakua kila programu kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Ukiandika kazi kwa LibreOffice na unaipeleka steshenari kuchapishwa, ihifadhi kwanza kama PDF ili mpangilio wa kurasa usihame.

5. Kompyuta nzito: sababu na tiba

Si kila kompyuta nzito ina virusi. Tafuta sababu kabla ya kutibu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha ni programu ipi inayotumia sana kichakato, kumbukumbu au diski.

- *Programu nyingi zinazoanza pamoja na kompyuta.* Zima zisizo za lazima kwenye orodha ya programu za kuanzia iliyo katika dirisha hilohilo.
- *Diski kujaa.* Ondoa programu usizotumia, kisha futa mafaili ya muda. Windows ina kifaa chake cha kazi hiyo. BleachBit ni programu huria inayofanya vivyo hivyo. Soma kila kisanduku kabla ya kukitia alama, kwa sababu kinachofutwa kinaweza kisirudi.
- *Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kuwa ndogo.* Punguza kurasa unazofungua kwa wakati mmoja. Hakuna programu inayoongeza RAM. Tiba kamili ni kuongeza kifaa chenyewe, kama kompyuta inaruhusu.
- *Vipande vya mafaili kutawanyika.* Kwenye diski ya kuzunguka, kuvipanga upya huongeza kasi. Kwenye diski ya SSD hakuna faida hiyo, na kazi hiyo huichakaza bure.
- *Joto na vumbi.* Kompyuta ikipata joto kali hupunguza kasi yake ili isiungue. Safisha matundu ya hewa, na usiitumie juu ya godoro au mto.

Kama kompyuta ni kuukuu na Windows mpya haiiwezi, bado ina maisha. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Matoleo mepesi kama Lubuntu na Linux Mint Xfce hufufua mashine ndogo. Unaweza kuliwasha toleo kutoka kwenye flashi na kulijaribu bila kugusa diski. Hata hivyo, kulisakinisha juu ya Windows hufuta kilichomo, kwa hiyo rudi kwenye Hatua ya 1 kwanza.

6. Mfano: flashi iliyogeuka njia za mkato

Umerudi kutoka steshenari. Umechomeka flashi, na folda zako zote zimekuwa njia za mkato. Usiifute flashi. Mara nyingi mafaili hayajapotea; kirusi kimeyaficha na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, unakiendesha kirusi chenyewe.

1. Usibofye njia yoyote ya mkato.
2. Kagua flashi kwa programu ya kupambana na virusi, ukiondoe kirusi.
3. Tazama herufi ya flashi. Tuseme ni E. Andika *cmd* kwenye sehemu ya kutafutia ili ufungue dirisha la amri, kisha andika:

   attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

   Hapa *-h* huondoa hali ya kufichwa, *-r* huondoa hali ya kusomwa tu, na *-s* huondoa alama ya faili la mfumo. *Alama /s* huifikisha amri kwenye folda za ndani, na */d* huigusa folda yenyewe.
4. Nakili notisi na picha zako kwenye kompyuta. Usinakili faili lolote linaloishia na exe, lnk au vbs.
5. Fomati flashi, rudisha mafaili yako, kisha kagua kompyuta nzima.

7. Makosa yanayowakosesha watahiniwa alama

- Kuandika kwamba programu huria maana yake ni "programu isiyouzwa." Taja msimbo chanzo na leseni.
- Kuandika kwamba programu ya kupambana na virusi "huzuia virusi vyote." Hupunguza hatari, haiiondoi.
- Kuandika "kufomati" kuwa tiba ya kwanza. Tiba ya kwanza ni kuokoa mafaili.
- Kutaja hatua bila sababu. Swali likisema *eleza*, kila hoja iwe na "kwa sababu" yake.

8. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha programu huria na programu ya bure, kwa mfano mmoja mmoja. (Alama 4)
2. Rafiki yako ameambiwa azime programu ya kupambana na virusi ili asakinishe programu aliyopewa kwenye flashi. Mpe sababu mbili za kukataa, na njia mbadala moja. (Alama 6)
3. Kwa kutumia tukio la WannaCry la mwaka 2017, eleza umuhimu wa kusasisha mfumo endeshi. (Alama 5)
4. Kompyuta ya nyumbani ni nzito, lakini imekaguliwa na haina virusi. Eleza sababu tatu zinazowezekana na tiba ya kila moja. (Alama 6)

Mwongozo wa majibu

Swali la 1: kila maana alama 1, kila mfano alama 1. Swali la 2: aliyeivunja programu hajulikani, mlinzi akizimwa hakuna wa kukamata kirusi, atumie programu huria inayofanya kazi ileile, kama LibreOffice. Kila hoja alama 2. Swali la 3: taja sasisho la Machi, shambulio la Mei, kusambaa bila kubofya, kompyuta zilizopona, kisha hitimisho lako. Swali la 4: sehemu ya 5 ina sababu tano, chagua tatu, na kila sababu iambatane na tiba yake.

Kabla ya kufunga kitabu, fanya Hatua ya 1 kwa notisi zako mwenyewe leo. Ni zoezi lisilo na alama, lakini ndilo litakalokuokoa wiki ya mtihani.