Wenye Pesimeka Wahimizwa Kujiandaa kwa Dharura

Mafuriko yaliyoikumba Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024 yaliwakuta wengi wakiwa usingizini. Hakukuwa na muda wa kutafuta makaratasi. Mkazi mwenye pesimeka, kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kurekebisha mapigo ya moyo, anafaa kujiandaa mapema.

Stima ikipotea, pesimeka haizimi. Ina betri yake inayodumu miaka kadhaa. Hatari ni mgonjwa kufikishwa hospitalini akiwa amezirai, na hakuna anayejua ana kifaa gani. Daktari lazima ajue hilo, hasa kabla ya kipimo cha MRI, kwa kuwa mashine hiyo ina sumaku kali.

Mwenye pesimeka anashauriwa:

• Kutembea na kadi ya kifaa kila wakati, na kumwachia jamaa nakala.
• Kuweka dawa za wiki moja kwenye mfuko usiopenya maji.
• Kutoweka simu kwenye mfuko wa shati. Iwe angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa.
• Kutoinamia jenereta inayonguruma.
• Kwenda hospitali mara moja akipata kizunguzungu au akizirai.

Wakati wa dharura, piga simu kwa Msalaba Mwekundu, nambari 1199, bila malipo.