Kiwanja huuzwa mara moja, makuti kila msimu

MKULIMA mwenye shamba karibu na ufuo wa Malindi au Watamu, nchini Kenya, hakosi kupigiwa hodi na dalali. Wageni, wengi wao Waitaliano, hutafuta mahali pa kujenga nyumba za likizo, na wanaporudi kwao huzipangisha kwa watalii.

Karo ya shule inapodaiwa, bei ya dalali humvutia mtu. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi ni vyema kuijua sheria. Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo nayo huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na kwa kawaida bodi hutakiwa kumkatalia asiye raia. Mapatano bila idhini ni batili, na mkulima aliyekwisha kula arubuni anaweza kudaiwa airudishe.

Asiyeuza naye ana fungu lake. Nyumba nyingi huezekwa makuti, ambayo huchakaa kwa jua na mvua na kuhitaji kubadilishwa. Mwenye minazi huuza makuti yaliyosukwa, nazi na madafu. Mchuuzi hupeleka samaki, maembe na mboga.

Tahadhari ni moja. Masika yakianza, watalii hupungua na majiko mengi huzimwa. Mchuuzi asiye na wateja wengine mjini hukwama. Msusi wa makuti ana nafuu, kwani nyumba ikiwa tupu ndipo hufaa kukarabatiwa, na minazi yake bado imesimama.