Mwenzako si Mkenya? Anzeni na Cheti cha Ndoa

Tunapokutana na vikundi vya Kibera na Kawangware kuna swali linalorudi kila mara, na mara nyingi huulizwa polepole baada ya mkutano kufungwa, viti vikipangwa. "Mume wangu ni wa Uganda. Tumekaa miaka na tuna watoto. Afanye nini ili asisumbuliwe?" Mwingine mkewe ni wa Tanzania, mwingine wa Kongo. Tumeona heri tulieleze jambo hili wazi, kwa sababu sheria ya siku hizi si ile ambayo wazee wetu waliijua.

Ya zamani ilikuwa hivi. Chini ya Katiba iliyokuwako kabla ya 2010, mwanamke mgeni akiolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Lakini mwanamume mgeni akioa binti wa Kenya, ndoa hiyo haikumpa haki kama hiyo. Ilimbidi atafute kibali kama mgeni mwingine yeyote. Na mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alifuata uraia wa baba, si wa mama. Kwa hiyo mama Mkenya aliweza kurudi kwao na mtoto ambaye serikali inamhesabu kuwa mgeni nyumbani kwa nyanya yake!

Katiba ya sasa, iliyoanza kazi tarehe 27 Agosti 2010, iliyaondoa hayo. Mtoto ni raia ikiwa baba au mama ni raia, hata kama alizaliwa nje, na hata kama alizaliwa kabla ya 2010. Tunasisitiza hapa kwa sababu bado unaweza kumkuta mama akilipa dalali amtafutie mtoto uraia ambao mtoto tayari anao. Kinachobaki kwake ni karatasi za kuuthibitisha. Mume mgeni na mke mgeni nao sasa wako sawa: ndoa ikitimiza miaka 7, kila mmoja ana haki ya kuomba na kuandikishwa kuwa raia. Wanaume walifunguliwa mlango, na wanawake wakaambiwa wapange foleni. Sisi tunaona ni haki, ingawa miaka 7 ni mirefu sana kwa mtu anayeshtuka kila anapoona askari.

Hapo ndipo ukaaji wa kudumu unapoingia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inasema mume au mke wa Mkenya anaweza kuuomba ndoa ikifikisha miaka 3. Karatasi hii haimfanyi mtu kuwa raia. Hatapiga kura, na Katiba haimruhusu asiye raia kushika ardhi isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini anaishi na kufanya kazi Kenya bila kurudi kila mara kuomba pasi nyingine.

Angalieni tofauti ya maneno, maana hapa wengi huchanganya. Kwa uraia wa ndoa sheria inasema mtu "ana haki" akitimiza masharti. Kwa ukaaji wa kudumu inasema "anaweza kupewa". Kwa hiyo msidhani miaka 3 ikifika karatasi inakuja yenyewe. Tena si lazima kwanza upate ukaaji wa kudumu ndipo uombe uraia. Aliyetimiza miaka 7 anaweza kwenda moja kwa moja.

Na kabla ya miaka 3? Mkenya anaweza kumwombea mwenzake pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo inampa ruhusa ya kukaa, si ya kufanya kazi. Ndugu zetu wa upande wa Busia watasema, "Mimi navuka na kitambulisho tu." Ni kweli, tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubali raia wao wavuke na vitambulisho. Lakini kuvuka ni kitu kimoja na kukaa ni kingine. Fundi viatu aliyevuka kwa kitambulisho miaka 10 iliyopita akaoa Gatwekera, bila kuandikishwa popote, mbele ya afisa wa uhamiaji bado ni mgeni aliyepitisha siku zake. Akishikwa na kurudishwa kwao, watoto wanabaki na mama na kodi ya nyumba.

Sasa tufike kwenye kiini. Hiyo miaka 3 na hiyo miaka 7 ni ya ndoa, si ya kukaa pamoja. Kule kwetu wengi wako katika njoo-tukae. Walikutana, wakakodi chumba, watoto wakaja, na hakuna aliyeandika kitu. Majirani wanawajua kama mume na mke, hata kanisani wanaitwa Baba fulani na Mama fulani, lakini kwa afisa wa Nyayo House hakuna ndoa ya kuhesabu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zinapaswa kuandikishwa. Waislamu wa Makina na kwingineko huenda kwa Kadhi. Kwa ndoa ya kanisani, hakikisheni kwamba mchungaji ana leseni ya Msajili wa Ndoa, maana kuna makanisa ambayo yana mhubiri hodari lakini hayana leseni. Wanaotaka ndoa ya kiserikali hutoa ilani ya siku 21, na mgeni huombwa hati kutoka kwao ya kuonyesha kwamba hana ndoa nyingine.

Ndoa ya kimila ndiyo inayowafaa wengi, nayo imekuwa ikiandikishwa tangu Agosti 2017. Inaweza kufuata mila ya upande mmoja tu wa wanandoa, kwa hiyo Mluhya na Mkongo hawahitaji kulinganisha desturi zote. Na pale mila inapodai mahari, sheria inasema sehemu ndogo ya mahari iliyotolewa kama ishara inatosha kuthibitisha ndoa. Wazee, hapo tunawasihi. Baba mkwe anayekataa kutia sahihi mpaka ng'ombe wa mwisho afike anamchelewesha binti yake mwenyewe.

Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen. Tayarisheni pasipoti ya mgeni, kitambulisho cha Mkenya, cheti cha ndoa, cheti cha mwenendo mwema na picha. Kwa uraia, sheria inataka pia mwe mnaishi pamoja wakati wa kuomba, na ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata karatasi. Kwa hiyo wekeni ushahidi: risiti za kodi (mwombeni mwenye nyumba aandike, hata kama hajazoea), vyeti vya watoto, barua ya chifu, barua ya kanisa. Kikundi kinaweza kununua faili moja kwa kila familia. Ada zinabadilika. Novemba 2023 serikali ilitangaza kuzipandisha na watu wakaenda mahakamani, kwa hiyo someni ada ya siku hiyo kwenye mtandao wenyewe. Msiiulize kwa dalali aliyesimama nje ya Nyayo House.

Mwenzako akiwa mkimbizi, hali yake inaongozwa pia na Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Huyo aonane kwanza na Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya kabla ya kujaza fomu yoyote.

Mjane pia hakusahauliwa. Mkenya akifariki kabla ya miaka 7 kutimia, aliyebaki anaweza kuomba uraia wakati miaka hiyo ambayo ndoa ingetimiza inapofika. Atahitaji cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Cha kifo kinaweza kutafutwa baada ya mazishi. Cha ndoa kinatafutwa mkiwa wawili.