Duka Lisilo na Mlango

Mpita njia akishuka Ngomeni, akaifuata Ndia Kuu, kisha akakata kuingia vichochoro vya Kibokoni, ataona maduka ya vinyago, ya udi na mafuta mazuri, na wauza kahawa. Duka langu hataliona. Halina kibao, halina mlango wala kizingiti. Limo katika simu ya mkononi iliyopasuka kioo pembeni, na mali yake yote hukaa katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha nyanya yangu. Nauza vipuli vya shanga nivitungavyo kwa mkono, na wengi katika wanunuzi wangu sijapata kuwaona nyuso zao.

Nilipoanza, wako wazee hapa mtaani waliodhani ni mchezo wa watoto. Nyanya hakustaajabu hata kidogo. Aliniambia kuwa mamake hakuwa akitoka nje mchana, lakini alikuwa mfanya biashara. Alipika vibibi na mikate ya sinia, akashona kofia za viua, na yote hayo yaliuzwa bila ya mnunuzi kumwona. Mtoto ndiye aliyetumwa na sinia kichwani, akarudi na pesa na maneno: fulani ataka mbili zaidi, fulani asema sukari ilipungua.

"Mimi ndiye niliyekuwa simu," akasema nyanya.

Basi sioni kuwa tumezua jambo. Hata shanga zenyewe si ngeni kwetu. Huko Tumbe, kaskazini ya Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigae kwa wingi vyenye mifuo, ambavyo wakaazi wa karne ya 7 mpaka ya 10 walisugulia vipande vya makombe ya baharini hata vikawa shanga. Kazi ya nyumbani, kama yangu. Baadaye zikaja kwa vyombo kutoka Bara Hindi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anataja shanga za Khambhat zilizochukuliwa na watu wa Mombasa, Malindi na Kilwa kwenda kuuzwa Sofala. Na Mwingereza Richard Burton, aliyefunga safari ya bara kutoka Unguja mwaka 1857, aliorodhesha shanga nyekundu zilizoitwa samesame, ambazo kwa jina la utani ziliitwa kivunja mji, kwa vile wanawake walivyozipenda kupita kiasi. Jina hilo lilinichekesha sana, kwani ninao wateja ambao waume zao wangelikubali mara moja.

Henry Morton Stanley naye mwaka 1871 alinunua Unguja magunia 22 ya shanga za namna 11, na taabu yake kubwa ilikuwa kujua ni rangi gani ipendwayo wapi, kwa sababu iliyo mali katika nchi moja hukataliwa katika nchi ya pili. Mimi sina magunia, lakini taabu hiyo naijua. Rangi ya samawati iliyogombaniwa Kisauni mwezi mzima ilinilalia mkebeni miezi saba nilipodhani Nairobi nao wataitaka.

Ama masikio yetu, hayo yana habari yake. Mama wa Kiswahili wa zamani alitoga masikio, akaipanua ndewe kidogo kidogo, kisha akatia jasi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa jasi ni pambo la tundu la sikio, la mviringo, la madini au pembe au mti au hata karatasi ya rangi iliyoviringwa. Msomaji na aiangalie hiyo karatasi iliyoviringwa. Aliyekosa fedha hakukosa pambo. Nyanya ana ndewe hizo mpaka leo, na vipuli vyangu vya kulabu nyembamba havimkai. Humpotea masikioni kama uzi katika pete. Nimejaribu kumtengenezea majasi ya shanga mara tatu, na mara zote tatu amesema ni mazito.

Shanga nizitumiazo zaidi ni zile ndogo za kioo za nambari 11, ambazo upana wake ni kama milimita 2. Nyingi ya shanga hizi nzuri hutoka upande wa Jablonec katika Jamhuri ya Cheki, ndizo hizo hizo wazivaazo Wamasai. Ajabu ni kuwa nambari ikipanda, ushanga hupungua. Sikulijua hilo, nikaagiza nambari 6 nikiamini nimepata zilizo ndogo sana, nikaletewa shanga kubwa kama punje za mtama, na pesa ilikuwa imekwisha kwenda.

Hutungwa kwa sindano nyembamba na uzi wa nailoni, safu juu ya safu, kila ushanga ukikaa katikati ya miwili ya chini yake kama tofali ukutani. Jozi moja yanichukua saa moja na nusu ikiwa umeme haukupotea. Neno letu ni moja tu, kutunga: watungwa ushanga, yatungwa asumini, latungwa shairi, na katika yote uzi ukikatika kazi huanza upya.

Jambo nililochelewa kulifahamu ni ushungi. Vipuli virefu vyenye ncha hunasa mtandio, na mama akivua ushungi kwa haraka aweza kulipasua sikio. Kwa hivyo vya mchana navifanya vifupi, vya kubana, bila ncha, na vile virefu vyenye kumeta nimewawekea wanaokwenda kwenye kupamba, ambako ni wanawake watupu na ushungi umekwisha tundikwa. Na kulabu nazo: zile rahisi hewa ya chumvi ya kisiwa hiki huzila upesi, zikaweka weusi na kuwasha sikio. Nilipoteza wateja wawili kwa kulabu za shilingi tano. Sasa natumia chuma kisichoshika kutu, nami siiteremshi bei yangu ya shilingi 450 hata mtu akiniuliza bei ya mwisho mara kumi.

Lakini mwenye duka la mlango ana neema moja ambayo mimi sina: mnunuzi wake hushika. Wangu huangalia picha, na picha husema uongo bila ya kukusudia. Bibi mmoja alitaka vipuli vya kulingana na kisutu cha harusi ya bintiye. Nilivipiga picha jioni, taa ya ndani imewashwa, na wekundu ule kwenye kioo chake ukaonekana sawasawa na kanga. Vilipofika vilikuwa rangi ya chungwa. Akavirudisha, nami nikavipokea na kumrudishia pesa yake pamoja na nauli ya bodaboda, maana nilichomsifia sicho nilichompa. Tangu siku hiyo napiga picha saa mbili za asubuhi juu ya dari, mbali na taa, naiweka sarafu ya shilingi kando ili ukubwa ujulikane, na rangi naziandika kwa majina ya kwetu. Nikisema damu ya mzee, hakuna mwanamke wa Mombasa asiyenifahamu.

Hilo lilikuwa somo dogo. Kubwa lilikuja mwaka 2020. Ramadhani ndiyo msimu wetu, kwa sababu kila mtoto wa kike hutaka kitu kipya cha Idd. Mwaka ule, kwa ajili ya Korona, watu hawakutaka kuingia madukani, wakaniletea maagizo kuliko wakati wowote: wanawake 19, jozi 31, na wote walikwisha kulipa kwa M-Pesa. Nikazigeuza pesa zile kuwa shanga na kulabu. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, ikatangazwa kuwa Mji wa Kale umefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, kwa siku 15. Siku hizo zikaisha zikaongezwa mpaka mapema Juni, nayo Idd imo katikati yake.

Msomaji na afikirie. Mteja wangu mmoja alikuwa Majengo, mahali niendapo kwa miguu, na vipuli vyake vilikuwa tayari, vimefungwa katika karatasi, jina juu yake. Ningelikuwa nampelekea Muscat visingelikuwa mbali zaidi. Kule Muscat angalau hupata msafiri wa kumpa amana.

Nilimwendea mjomba wangu, aliyesomesha chuoni miaka mingi, ambaye kwa bahati nyumba yake imo ndani ya kizuizi. Nilitaraji aniambie kuwa amri ya serikali yaniondolea lawama. Aliniuliza maswali. Waliziona mali kabla ya kulipa? Hapana, waliona picha. Wewe ulikuwa nazo? Hapana, nilikuwa sijazitunga. Pesa wamelipa zote? Zote. Uliwaambia lini? Kabla ya Idd.

"Basi hiyo ni salamu," akasema, "na wewe umeifanya bila ya kujua jina lake."

Akanieleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla hayajawa, mwaka au miaka miwili, naye hakuwakataza, aliwaamrisha kipimo kiwe kinajulikana na muda uwe unajulikana. Ikiwa muda umefika na mali haikufika, mnunuzi ndiye mwenye hiari: akipenda atangoja, akipenda atachukua mali yake aliyoitoa. "Si hiari yako wewe," akaniambia, akanipa tende ya kufuturia, nikarudi nyumbani.

Niliwaandikia wote 19 usiku ule. Kumi na wawili walisema watangoja. Mmoja aliandika kuwa Idd ya mwaka huu hatoki hata mlangoni, avivae kwa nani? Saba wakataka pesa zao, na walikuwa na haki. Wengine mabwana zao walikuwa wameachishwa kazi za mahoteli, na shilingi 450 ilikuwa ni unga. Jumla yao ilikuwa jozi 12, shilingi 5,400, nami mkononi nilikuwa na 1,100.

Nilikuwa na vipuli vyangu vya dhahabu, vidogo, alivyoniachia mamangu. Nikaviweka rehani kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, akanikopesha shilingi 4,500, wala hakutaka senti moja juu yake. Jirani yangu alivifunga kitamboni mbele yangu na kuvitia kabatini, na mimi nikakaa kwenye kitanda cha nyanya nikarudisha pesa, mtu baada ya mtu, kwa kidole. Idd ile nilivaa vya shanga.

Vipuli vya dhahabu nilivikomboa baada ya Idi Kubwa mwaka ule ule. Katika wale saba wanne wamerudi kuninunulia. Siku hizi sichukui pesa yote mpaka uzi umekatwa na fundo limefungwa, ila ikiwa agizo ni kubwa, na hapo naandika urefu kwa sentimita, rangi, na siku ya kufika, tena nazidisha siku tatu za kungojea maana kisiwa hiki kina kivuko, na kivuko kina mambo yake.

Wiki hii nina jozi 14 za kupamba huko Kuze, samawati nzito na dhahabu, zatakiwa Alkhamisi. Samawati imenipungukia katika jozi ya kumi na moja, na mwenye duka aniambia iliyopo sasa ni ya furushi jingine, yaelekea weusi kidogo. Nimezipiga picha zote mbili bega kwa bega saa mbili za asubuhi, nimempelekea bibi harusi, nangojea jawabu.