Gari Dogo la Turbo: Kulinunua ni Nafuu, Kulitunza Je?

Zamani familia iliyojaaliwa uwezo wa kununua gari haikuwa na mengi ya kujadili. Lilitafutwa gari la Kijapani lenye injini ya kawaida, likakaguliwa na fundi wa mtaani, likalipiwa, likaja nyumbani. Siku hizi mambo yamebadilika. Miongoni mwa magari yanayoteremshwa bandarini Kilindini na kupangwa katika yadi za Mombasa, mengi ni madogo, yenye injini za lita moja au 1.2, na ubavuni mwa injini hiyo pana kifaa kiitwacho turbo. Muuzaji husema kwa bashasha kwamba gari hilo lina nguvu za injini kubwa na unywaji wa petroli wa injini ndogo, na kwa bei isiyomtoa mtu jasho. Je, maneno hayo ni kweli? Na hata yakiwa kweli, gari la namna hii lafaa kwa safari za kila siku za mama mwenye watoto?

Nimelifuatilia swali hili kwa sababu liliingia katika nyumba yetu wenyewe.

Wifi yangu anaishi Mtwapa na watoto watatu. Mumewe, ambaye ni kaka yangu, yuko Doha kikazi na hurudi mara moja kwa mwaka. Watoto wanasoma kisiwani, na alasiri wana madrasa. Mwaka juzi walinunua gari dogo la turbo kwa akiba ya miaka minne, zamu ya chama, na vikuku viwili alivyoachiwa wifi na marehemu mama yake. Jina la gari wala la yadi sitalitaja. Miezi minane baadaye, asubuhi moja ya Jumatatu, katikati ya msongamano wa daraja la Nyali, gari lilianza kushtukashtuka, kisha likakataa kabisa kuingia gia. Watoto walikuwa nyuma na mikoba yao, honi zikilia kila upande, na yeye peke yake usukani. Siku ile ile mtaa mzima ulikuwa umeshatoa hukumu: "Si tulimwambia? Turbo ni balaa."

Hukumu hiyo haikuwa sahihi. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kwanza kuijua turbo yenyewe.

Turbo ni kitu gani?

Injini huchoma petroli pamoja na hewa. Kadiri inavyopata hewa nyingi, ndivyo inavyoweza kuchoma petroli zaidi na kutoa nguvu zaidi. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Injini ya turbo husukumiwa hewa. Moshi wa moto unaotoka kuelekea kwenye ekzosi huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, huzungusha jingine linaloisindika hewa safi ndani ya injini. Nguvu ambayo ingepotea pamoja na moshi hurudishwa kazini.

Tofauti yake huonekana katika takwimu. Toyota ilipoleta injini ya turbo ya lita 1.2 katika Auris mwaka 2015, injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 116, na msokoto wa niutoni-mita 185 kuanzia mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, ile iliyotiwa katika Corolla Fielder za karibuni, hutoa nguvu za farasi 109 na msokoto wa niutoni-mita 136, na hilo hadi ifike mizunguko 4,400. Kwa dereva maana yake ni hii: akiwa na abiria wanne na kiyoyozi kinafanya kazi, gari la turbo huupanda mlima wa Mazeras bila injini kupiga kelele, na kulipita lori katika barabara ya Malindi hakuhitaji kushika roho mkononi.

Hata hivyo, kila neema ina shukrani yake. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, karibu na moshi wenye joto kali mno, na kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa, ikipungua au ikiwa si ya aina yake, turbo huwa miongoni mwa vya kwanza kuumia. Injini ya kawaida humvumilia mwenye kusahau. Ya turbo haina subira hiyo.

Lililoharibika lilikuwa nini?

Fundi aliyelifungua gari la wifi aliikuta turbo nzima, mhimili haulegi na hauna mafuta yaliyovuja. Kilichochakaa kilikuwa giaboksi. Ilikuwa ile ya klachi mbili kavu, ambayo hubadili gia yenyewe upesi na kuokoa petroli katika barabara iliyo wazi. Lakini katika foleni ya kusogea hatua na kusimama, klachi hizo hushikana na kuachana mamia ya mara, zikapata joto na kulika. Foleni ya kuingia kisiwani asubuhi ni mtihani mgumu kwa giaboksi ya aina hiyo.

Hapa pana somo kwa kila mnunuzi. Magari madogo ya turbo hayafanani. Mengine yana giaboksi ya klachi mbili, mengine ya mkanda, mengine otomatiki ya kawaida inayotumia mafuta kupitisha nguvu, ambayo huivumilia foleni vyema zaidi. Kwa hiyo usiulize tu kama gari lina turbo. Uliza pia lina giaboksi ya namna gani, na fundi wako ameshawahi kuifungua mara ngapi.

Hesabu ya nyumba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuishike kalamu basi.

Kwanza ushuru. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi ujazo wa 1500 ni mdogo kuliko wa injini zilizo juu yake. Hapo turbo ina faida ukiilinganisha na gari la lita 1.8 au 2.0. Lakini ukiilinganisha na gari la kawaida la lita 1.5, faida hiyo haipo, kwani yote mawili yako katika fungu moja.

Pili petroli. Turbo ndogo hubana matumizi pale mguu unapokuwa mwepesi na barabara ikiwa wazi. Dereva akipenda kuichochea kila taa ikiwaka kijani, akiba hiyo huyeyuka. Katika foleni, kiyoyozi kikiwa wazi, tofauti yake na gari la kawaida huwa ndogo. Aidha, tazama ndani ya kifuniko cha tangi la petroli kabla ya kununua. Baadhi ya injini hizi zimetengenezewa petroli ya daraja la juu, na bei yake si ile unayoisikia ikitangazwa kila mwezi.

Tatu oili. Anayetoka Mtwapa kwenda kisiwani na kurudi, pamoja na sokoni na madrasa, hukadiria kilomita 40 kwa siku. Kwa siku 25 hizo ni kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa injini ya turbo katika joto na foleni zetu, ni busara kubadilisha oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia. Kwa mwendo huo ni kila baada ya miezi mitano. Iwe oili halisi ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, hata kama ya pipa ni nusu ya bei.

Nne maji ya redieta. Nyumba nyingi za pwani hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo yasiingie kamwe katika redieta, kwani aghalabu ndiyo yanayoipoza turbo pia, na chumvi hula vyuma kimyakimya. Tumia kipozeo maalumu cha gari.

Tano weka kando fungu la kila mwezi kwa ajili ya matengenezo makubwa, hata gari likiwa zima. Familia ambayo haiwezi kuliweka fungu hilo baada ya karo, kodi na chakula, basi gari la turbo kwake bado si nafuu, hata likiuzwa rahisi.

Kabla hujatoa pesa

Nenda yadi asubuhi na mapema injini ikiwa baridi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Simama nyuma ya gari linapowashwa. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Sikiliza: mluzi laini wa turbo ni kawaida, mlio mkali kama wa king'ora si kawaida. Fundi na afungue bomba la hewa litokalo kwenye turbo atazame kama limejaa mafuta, na achomeke kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Ikionyesha kwamba kumbukumbu za hitilafu zimefutwa siku chache tu nyuma, uliza kwa nini. Kisha liendeshe gari nusu saa nzima ndani ya foleni, si kulizungusha mtaa mmoja mtupu. Mwisho, itake karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huonyesha kilomita na hali ya gari lilipouzwa kule, pamoja na kumbukumbu zozote za matengenezo.

Dada zangu, msione haya kuyauliza haya. Wengi wetu huambiwa, "Mama, hayo waachie mafundi." Pesa ni zako na watoto ni wako. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali.

Malipo ya halali

Wengine hawana fedha zote mkononi, na mkopo wa riba si njia yetu. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki kamili za Kiislamu, nazo huuza magari kwa murabaha. Benki hulinunua gari kwanza, likawa milki yake, kisha humuuzia mteja kwa bei inayotaja wazi mtaji na faida, naye hulipa kwa awamu. Bei hiyo haibadiliki baada ya mkataba. Soma mkataba huo mstari kwa mstari, na uhakikishe kwamba benki imelimiliki gari kweli kabla ya kukuuzia. Kumbuka pia kwamba awamu ya kila mwezi huja juu ya oili, petroli na bima, wala haichukui nafasi yake.

Mtihani wa kuuza

Nirudi kwa wifi. Gharama ya giaboksi ilimshinda, ikabidi gari liuzwe. Dalali akamjia na shauri: "Mama, taa hiyo hufutwa kwa dakika moja. Mteja aje alfajiri, barabara tupu, gari litakwenda kama maji."

Wifi alikaa na shauri hilo siku mbili. Hakuwa na gari, alikuwa akiwapandisha watoto matatu gizani, na tofauti ya bei ilikuwa karo ya muhula mzima. Usiku wa pili akampigia mumewe. Kaka akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Zile pesa tulizipata kwa halali. Zisirudi kwetu kwa njia nyingine."

Dini yetu imemwajibisha muuzaji kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kuirudisha. Wifi akaandika ubovu wa giaboksi kwenye karatasi, mnunuzi akatia sahihi. Alikuwa fundi aliyetaka kulitengeneza mwenyewe. Walipoteza karibu robo ya bei waliyonunulia. Wifi hajifanyi kwamba haikuuma. Lakini asema kwamba kila anapovuka daraja la Nyali hana haja ya kutazama kama kuna mama mwingine aliyekwama kwa sababu yake.

Wengi walidhani hataigusa turbo tena. Akanunua Suzuki Swift ya injini ya lita moja yenye turbo, nguvu za farasi 102, lakini safari hii yenye otomatiki ya kawaida ya gia sita, karatasi ya mnada mkononi, na fundi aliyekaa naye ndani ya foleni nusu saa. Ndani ya kisanduku cha mbele ana daftari la shule la kurasa 48: tarehe, kilomita, oili gani, nani alibadilisha.

Hukumu yetu

Ikiwa safari zako ni fupi, ndani ya kisiwa tu, shuleni na sokoni, gari la kawaida la lita 1.3 au 1.5 lakutosha. Injini ya turbo inayozimwa kila baada ya dakika chache, kabla oili haijapata moto sawasawa, huchakaza oili yake upesi, nawe hutaionja faida yake. Ikiwa unatoka Mtwapa, Kilifi au Mariakani kila siku, barabara ndefu na watoto nyuma, turbo ndogo yenye giaboksi inayofaa ni gari jema, kwa sharti la oili kwa wakati na daftari lisilokosa ukurasa. Ikiwa daftari hilo huliwezi, liache gari hilo kwa anayeliweza.

Gari ni neema na ni amana. Mola atujaalie vyombo vya kheri, atulindie watoto wetu njiani, na atuepushe na kumuuzia mwenzetu tusichokiridhia nafsi zetu. Amin.