Miduara ya Mawe ya Kweneng Ina Wenyewe

Kusini mwa Johannesburg, safari fupi kwa gari kutoka kitongoji cha Alexandra, vilima vya Suikerbosrand vimejaa miduara ya mawe iliyomezwa na nyasi. Miduara ya aina hii ipo pia Mpumalanga, na mmoja wake umepachikwa jina la Kalenda ya Adamu. Wapo wanaoshikilia kuwa ni hekalu lenye umri wa maelfu kwa maelfu ya miaka, kazi ya viumbe walioshuka kutoka angani. Ushahidi unaonyesha jambo zito zaidi: kwa sehemu kubwa, miduara hii ni makazi ya wakulima na wafugaji Waafrika. Karim Sadr wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichunguza Suikerbosrand kwa miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege, na chini ya vichaka zikaonekana kaya mia kadhaa za Kweneng, mji wa Watswana ulioachwa katika vurugu za karne ya 19. Katikati ya kaya ni zizi, nyumba zililizunguka. Miti na nyasi za mapaa zimeoza, mawe yamebaki.

Atauliza mtu: je, hapakuwa na ibada wala sherehe? Zilikuwapo, tena nyumbani humo humo. Kwenye malango ya kaya kubwa za Kweneng kuna marundo makubwa ya majivu ya samadi, yamechanganyika na mifupa ya mifugo na vigae vya vyungu. Hayo ni mabaki ya karamu, yakarundikwa mlangoni kwa makusudi ili kila apitaye ajue ukarimu na utajiri wa mwenyeji.

Wanaoshikilia kisa cha hekalu hujitetea kwa umri wa mwamba wenyewe. Lakini jiwe huwa na umri mkubwa kuliko ukuta wowote uliojengwa nalo. Cha kupima ni mkaa na vigae vilivyoachwa na wajenzi. Isitoshe, wajenzi wenyewe wametuachia ushahidi: karibu na mji wa Lydenburg, Mpumalanga, wenyeji wa kale walichonga miambani michoro ya kaya kama hizi, mazizi na njia za ng'ombe zikiwemo.

Kisa cha viumbe wa angani kina madhara. Utawala wa Wazungu ulihubiri kwamba Afrika Kusini ilikuwa tupu, na hata Alexandra, ambako tangu 1912 Waafrika waliweza kumiliki viwanja, familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu. Kumnyang'anya Mtswana kuta za babu zake ni kuurudia uongo uleule.

Basi nenda ukaitazame miduara hii, ila usihamishe jiwe hata moja: sheria ya urithi ya 1999 inakataza kuvuruga maeneo haya bila kibali.